Wageni wakiugua baada ya karamu, nani atalipa?

Somo la bima kwa wenye kampuni za upishi wa sherehe

Ahero, yapata kilomita 25 kutoka Kisumu, ni njia panda. Barabara ya Kisumu kwenda Kericho na Nairobi hukutana hapa na ile ya Kisii. Mpunga wa skimu ya kunyunyizia maji, iliyoanzishwa miaka ya 1960, uko karibu. Samaki wa ziwa hufika kila siku. Si ajabu basi kwamba biashara ya kupikia watu imeshamiri hapa: mwishoni mwa juma pikapu hubeba mahema, viti vya plastiki na sufuria kubwa kubwa kuelekea mazishini, kwenye harusi, harambee na mikutano katika tambarare yote ya Kano.

Mwenye kampuni ya namna hii huwalisha watu 200, 300, hata 500 kwa siku moja. Mara nyingi hupikia uani pa mtu mwingine, kwa kuni au gesi, akitumia maji aliyoletewa na vibarua aliowapata asubuhi ile. Kosa dogo la jikoni, ambalo nyumbani lingemwumiza mtu mmoja au wawili, hapa huweza kuwaumiza watu mia.

Kwa sababu hiyo somo letu la juma hili linahusu bima. Huenda msomaji akashangaa kuona bima katika ukurasa wa afya. Lakini fikiria: wageni 60 wakianza kutapika na kuharisha usiku wa kuamkia Jumapili, watahitaji daktari, maji ya mishipani, dawa na vitanda. Mpishi akiunguzwa na mafuta ya moto, atahitaji matibabu ya miezi mingi. Swali la nani atalipa ni swali la afya, kwa kuwa asiye na wa kumlipia mara nyingi hubaki nyumbani hadi amechelewa.

Mambo yaliyokwisha kutokea

Tusidhani kwamba haya ni ya kufikirika tu. Mnamo Oktoba 2022 Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu nchini Kenya, wagonjwa wa kwanza walifuatiliwa hadi kwenye sherehe ya harusi iliyofanyika Limuru, Kaunti ya Kiambu. Kutoka hapo ugonjwa ulienea katika kaunti nyingine.

Miaka mitano kabla, yaani 2017, kipindupindu kiliwapata watu waliohudhuria mkutano wa wataalamu wa afya katika hoteli moja jijini Nairobi mwezi wa Juni, na mwezi uliofuata kikawapata watu waliokula katika maonyesho ya biashara. Serikali iliamuru wahudumu wa chakula wapimwe upya. Ikiwa ugonjwa uliwapata madaktari mezani pao, hakuna karamu inayoweza kujidai kuwa imesalimika.

Nao moto na maji haviko nyuma. Mto Nyando umefurika mara nyingi na kuvamia nyumba, mashamba na maduka ya Kano. Watu wanakumbuka mvua za El Nino za 1997 na 1998, mafuriko ya 2020 na yale ya 2024. Ghala la mahema, friji na magunia ya mchele likijaa maji, biashara husimama.

Mgeni asiyelipa ana haki gani?

Wapishi wengi hudhani kuwa mkataba wao ni na yule aliyewakodi peke yake: baba wa bwana harusi, au kamati ya mazishi. Mwombolezaji aliyekula bure, wanasema, hana la kudai. Hilo si kweli, na ni vyema tujifunze kwa nini.

Mwaka wa 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa chupa ya soda ya tangawizi na rafikiye. Alidai kwamba alipokuwa amekwisha kunywa sehemu yake, konokono aliyeoza alitokea chupani, naye akaugua. Yeye hakuwa amenunua chochote, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu. Hata hivyo, mwaka wa 1932 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji wa chakula au kinywaji ana wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili ya yeyote atakayekitumia, awe amelipa au hakulipa. Mahakama za Kenya, ambazo zilirithi misingi ya sheria ya Uingereza, hufuata kanuni hiyo.

Kwa hiyo kila sahani unayoitoa ni wajibu unaoubeba. Na tena, kwa kawaida aliyeumizwa na uzembe wa mwingine ana muda wa miaka 3 kufungua kesi. Karamu ya leo inaweza kukufuata hadi mwaka wa tatu.

Zijue hatari kabla ya kununua bima

Anayenunua bima bila kuzijua hatari zake ni kama mgonjwa anayenunua dawa bila kujua anaugua nini. Hebu tuzitazame hatari nne kubwa za kazi hii.

Ya kwanza ni wali. Watu huogopa nyama na samaki, wakausahau mchele. Mbegu za bakteria iitwayo Bacillus cereus huishi katika mchele mbichi na huweza kustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa katika sufuria kubwa mpaka upoe polepole, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu inayoleta kutapika haiharibiwi kwa kupasha moto tena. Mlaji huanza kutapika kati ya saa 1 na saa 6 baada ya kula. Dawa yake ni kuuandaa wali karibu na saa ya kula, kuuweka moto zaidi ya nyuzi 60 za sentigredi, au kuutandaza katika sinia pana upoe upesi na kuuingiza katika friji chini ya nyuzi 5. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida.

Ya pili ni mikono na maji. Kanuni za usafi wa chakula za Kenya zinamtaka kila anayeshika chakula awe na cheti cha afya, naye hupimwa kila baada ya miezi 6. Lakini ieleweke kwamba cheti si chanjo. Aliyepimwa mwezi wa Januari anaweza kuambukizwa Februari. Mwenye kuhara, kutapika au jipu mkononi asiguse chakula hata kama cheti chake bado ni kipya. Na maji ya mtoni au ya kisima kilichofurika yachemshwe au yatiwe dawa.

Ya tatu ni moto na mvuke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hujikusanya chini, ndani ya hema lililofungwa, ikingoja cheche. Sufuria ya lita 100 ikipinduka humwunguza mpishi kuanzia kiunoni hadi nyayoni. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe siagi, dawa ya meno au majivu, kisha apelekwe hospitalini.

Ya nne ni barabara, upepo na maji. Pikapu hupinduka, hema hung'olewa na upepo likaangukia watu, mto hufurika, wezi huvunja ghala.

Bima zinazohitajika

Hakuna bima moja iitwayo bima ya upishi ambayo hulipa kila kitu, hata kama wakala atakwambia hivyo. Kampuni nyingine huuza kifurushi, lakini ndani yake mna sehemu mbalimbali, na kila sehemu ina masharti yake. Sehemu muhimu ni hizi:

1. Bima ya majeraha kazini. Hii, ambayo wengi huiita WIBA, haingojei hiari yako. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mahakama ya Juu ya Kenya ilithibitisha sehemu kubwa ya sheria hiyo Desemba 2019. Mfanyakazi akifa kazini au akipata ulemavu wa kudumu usiomwacha na uwezo wowote wa kufanya kazi, fidia huwa sawa na mapato yake ya miezi 96. Tufanye hesabu: mpishi anayelipwa Sh18,000 kwa mwezi, fidia yake ni Sh1,728,000. Ni wenye kampuni wangapi wanaoweza kutoa fedha hizo mfukoni? Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hulipwa mapato yake kwa kipindi kisichozidi miezi 12, na gharama za matibabu ni juu ya mwajiri.

Wataje vibarua wako katika fomu. Kampuni ya bima hupiga hesabu kwa kutumia mishahara uliyoitaja. Ukiandika watu 4 ilhali Jumamosi una 14, utaanza mabishano siku ya msiba.

Wengine huuliza: Je, si kila mtu analipa SHA? Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na si chini ya Sh300 kwa mwezi. Kazi yake ni kulipia matibabu. Hailipi mshahara uliopotea wala fidia ya mkono uliokatika. Zote mbili zinahitajika.

2. Bima ya madhara kwa umma. Hii hulipia madhara unayowasababishia watu wasio wafanyakazi wako, au mali yao: mtoto aliyemwagikiwa chai, hema lililomwangukia mgeni, au nyumba ya mwenyeji iliyoshika moto kutoka jikoni mwako.

3. Bima ya madhara ya chakula. Hapa ndipo wengi hunaswa. Hati nyingi za bima ya madhara kwa umma huondoa madhara ya vyakula na vinywaji, au hulipia yale tu yaliyotokea mahali pa biashara yako. Mpishi wa sherehe hana mahali pamoja, na hatari yake kubwa imo ndani ya sahani. Kwa hiyo hakikisha kwamba hati inataja kwa maandishi sumu ya chakula na vinywaji, na kwamba inakulinda popote unapoandalia, si katika ofisi yako ya Ahero tu.

4. Bima ya moto na majanga. Hulinda vyombo, mahema, friji, majiko na akiba ya chakula. Katika hati nyingi mafuriko huwa ni nyongeza, hayamo katika moto. Kwa mkazi wa Nyando, hati isiyotaja mafuriko ni nusu hati. Uliza pia kuhusu chakula kuharibika stima ikipotea. Na usingoje mawingu yatande: bima hailipii hasara iliyokwisha kuanza.

5. Bima ya wizi na ya mizigo safarini. Vyombo vya mpishi hukaa barabarani kuliko ghalani. Bima ya jengo haiifuati sufuria hadi Katito au Muhoroni.

6. Bima ya gari. Bima ya gari dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima kisheria. Zaidi ya hayo, sema wazi kuwa gari linabeba mizigo ya biashara. Pikapu iliyoandikishwa kuwa ya matumizi ya kibinafsi ikapata ajali ikiwa imebeba vyakula vya harusi, kampuni inaweza kukataa kugharamia hasara yako.

7. Bima ya kukatika kwa biashara. Hii hulipa mapato yaliyopotea wakati umefungwa. Lakini kwa kawaida ni lazima kuwe na uharibifu wa mali kwanza, kama moto. Somo hili lilikuja kwa uchungu mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipofika na serikali ikapiga marufuku mikusanyiko, na mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Wafanyabiashara wengi duniani waligundua kwamba hati zao hazikutaja magonjwa ya kuambukiza. Huko Uingereza jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2021 iliamua kwa sehemu kubwa upande wa wenye bima, lakini ni kwa sababu maneno ya hati zao yalitaja ugonjwa au amri ya kufungwa. Maneno yaliyoandikwa ndiyo yaliyowaokoa. Ukitaka kulindwa Bwana Afya anapofunga jiko lako kwa sababu ya kipindupindu, lazima hati iseme hivyo.

Mwenye fedha kidogo aanze na zipi? Ushauri wetu ni huu: aanze na zile zinazowalinda watu, yaani ya kwanza, ya pili na ya tatu, pamoja na ya gari ikiwa analo. Mahema yakipotea yatanunuliwa mengine. Deni la matibabu ya watu 60 laweza kuzika kampuni.

Kiasi gani kinatosha?

Hati ya bima ina kikomo, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa. Angalia ikiwa kikomo ni cha tukio moja au ni cha mwaka mzima. Tuchukue mfano. Karamu moja ina wageni 300, na 60 kati yao wanaugua. Tuseme kila mmoja anadai Sh50,000 za matibabu na hasara nyingine. Jumla ni Sh3,000,000. Ikiwa kikomo chako ni Sh1,000,000, zile Sh2,000,000 zinazobaki ni zako. Kwa hiyo pima kikomo kwa karamu yako kubwa kuliko zote za mwaka, usipime kwa ile ya kawaida.

Kwa upande wa mali, usipunguze thamani ili ulipe ada ndogo. Tuseme vyombo vyako vina thamani ya Sh900,000, nawe umeandikisha Sh600,000. Moto unateketeza vya Sh300,000. Utadhani utalipwa zote kwa kuwa hazikufika kikomo. La! Kampuni itasema uliweka bima theluthi mbili tu ya mali, kwa hiyo itakulipa theluthi mbili ya hasara, yaani Sh200,000. Theluthi iliyobaki ulijibebea mwenyewe siku uliyojaza fomu.

Aidha, kuna sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo mwenye bima hujilipia. Ikiwa ni Sh20,000, basi hasara ya Sh15,000 ni yako yote. Ada ndogo mara nyingi huja na sehemu kubwa ya kujilipia, kwa hiyo linganisha yote mawili.

Kuichagua kampuni

Wakenya wamewahi kuumwa na kampuni za bima zilizoanguka. Kenya National Assurance ilivunjwa 1996, United Insurance ikawekwa chini ya usimamizi maalum 2005, Blue Shield 2011, na Resolution 2022. Kwa hiyo jina kubwa au tangazo zuri halitoshi. Fanya yafuatayo:

Kwanza, hakikisha kwamba kampuni na wakala wake wana leseni ya mwaka huu. Halmashauri ya Kusimamia Bima, ijulikanayo kama IRA, hutoa orodha ya wenye leseni.

Pili, pata bei kutoka kwa kampuni tatu, kwa maelezo yale yale. Ukimwambia mmoja una wafanyakazi 6 na mwingine 15, huwezi kulinganisha.

Tatu, omba hati yenyewe uisome kabla ya kulipa, hasa ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Kikaratasi cha rangi chenye picha za watu wanaocheka si hati. Neno usilolielewa, mwambie wakala alieleze na aandike maelezo hayo.

Nne, sema ukweli wote. Ukificha kwamba unapikia kwa gesi ndani ya hema, au kwamba uliwahi kudai fidia, kampuni ina haki ya kuikana hati. Bima hujengwa juu ya uaminifu, na mwenye kuuliza hana njia ya kuona jikoni mwako ila kwa macho yako.

Tano, lipa kwa akaunti ya kampuni, wala si kwa simu ya wakala, na udai risiti. Sheria ya Bima hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Ahadi ya "nitakulipia wiki ijayo" haina bima ndani yake.

Sita, uliza wenzako waliowahi kudai: Je, walilipwa? Ilichukua muda gani? Rahisi ya kununua isije ikawa ngumu ya kudai.

Bima haiondoi usafi

Wako watakaosema kwamba wakishakuwa na bima, roho itatulia. La hasha. Karibu kila hati ina sharti kwamba mwenye bima achukue tahadhari za kutosha na afuate sheria. Wafanyakazi wako wakiwa na vyeti vilivyokwisha muda, au jiko halina leseni ya afya, unaipa kampuni sababu ya kukataa dai lako. Weka faili moja yenye nakala za vyeti, leseni na risiti za manunuzi.

Risiti za manunuzi ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini yaliwapata watu 317 katika sehemu za Ukambani na jirani zake, na 125 kati yao wakafa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Ikiwa kosa lilianzia kwa aliyekuuzia unga au njugu, kampuni yako ya bima inaweza kumfuata yeye baada ya kukulipa. Bila risiti, itamfuata nani?

Jambo jingine: katika kila karamu, weka kando kijiko kikubwa cha kila chakula katika chombo safi kilichofunikwa, ukiandike tarehe na saa, ukiweke katika friji kwa siku 3. Wageni wakiugua, kipimo cha maabara kitaonyesha kama kosa ni la wali wako au la mursik na samosa walizokula kwingine. Sampuli hiyo huwasaidia madaktari kutibu, na hukusaidia wewe kujitetea.

Mkasa ukitokea

Watu huja kwanza. Wanaoharisha wapewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Wakimbizwe kituo cha afya, hasa watoto, wazee, waja wazito, na yeyote anayeharisha maji mengi meupe kama ya mchele uliooshwa. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache, lakini akiwahiwa mgonjwa hupona.

Mjulishe afisa wa afya ya umma siku ile ile. Kuficha ili kulinda jina la kampuni huwaua watu na huiua kampuni pia. Usitupe mabaki wala kuosha vyombo vyote kabla hajafika.

Andika majina ya waliougua, saa waliyokula na saa waliyoanza kuugua. Saa hizi husema mengi. Kutapika baada ya saa 2 huelekeza kwenye sumu iliyokuwa tayari chakulani. Homa na kuharisha baada ya siku moja huelekeza kwenye bakteria kama Salmonella. Kipindupindu huweza kuchukua saa chache hadi siku 5, na hapo huenda chanzo kikawa si karamu yako.

Ijulishe kampuni ya bima mara moja, kwa maandishi. Wape pole wagonjwa, watembelee, lakini usitie sahihi kwamba kosa ni lako wala usiahidi kiasi cha fedha kabla ya kuzungumza na kampuni. Hati nyingi hulikataza jambo hilo, na ahadi yako yaweza kuwanyima wagonjwa malipo ambayo wangepata. Mfanyakazi akiumia, mwajiri anatakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata taarifa. Kampuni ikikataa kulipa bila sababu unayoielewa, idai sababu hiyo kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko IRA.

Maswali ya kujipima

Chukua kalamu, uyajibu maswali haya kabla ya karamu yako ijayo. Kila jibu la "sijui" ni mahali pa kuanzia.

1. Je, hati yangu inataja sumu ya chakula, na popote ninapopika?

2. Vibarua wote wa siku ya karamu wamo katika bima ya majeraha kazini?

3. Kikomo changu kinatosha karamu yangu kubwa kuliko zote?

4. Mafuriko yamo?

5. Vyeti vya afya vya wafanyakazi vinaisha tarehe gani?

6. Nani atakayeweka sampuli ya chakula Jumamosi hii?

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Katika kazi ya upishi tahadhari ni mbili: sabuni jikoni na hati kabatini. Mwenye moja bila nyingine amefunika nusu ya sufuria.